Maneno ya Chini ya Karatasi

Zaina mwanangu,

Barua za watu zinaanza na kuuliza kama uko muzima. Mimi sitauliza, juu nakusikia hapa inje unacheka na watoto wa jirani, unafunga mufuko wako na kamba ya mupira, uzima wako unanipigia kelele mpaka mu masikio. Mimi niko mu chumba, nimekaa juu ya bidoni ya petroli, karatasi iko juu ya magoti. Umeniuliza mara mbili ninafanya nini. Nimekujibu ninaandika majina ya watu wenye waliacha telefone zao kwangu kwa kushaji. Hiyo ni uongo. Ni ndogo, inatembea na zingine kubwa, na leo nataka kuzitoa zote inje kabla jua haijaingia.

Mambo ya musikitere, ile chandarua ya mbu, ya maji ya kuchemsha, ya kujilinda na wanaume wenye maneno tamu, mama yako atakuambia kesho ukifika Kasongo, na atarudilia mara tatu mpaka siku utapanda kwenda Kindu. Ile ni sehemu yake, mimi siingii. Mimi nitakuambia juu gani Jumanne sikucheka.

Unakumbuka Jumanne. Tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo, na ukaniambia kazi yenye watakupa ya kwanza kule Kindu. Mukubwa wako mupya anataka kila imeli yenye inatoka mu kampuni yake ikuwe na maneno chini. Ukachukua kifuniko ya sufuria ukaweka katikati yetu, ukasema, Papa, hii ni serveri. Barua zote za wafanyakazi zinapita hapa kabla ya kutoka. Mutu anaandika kwamba simenti imefika, anatuma, anafikiri imeenda vile vile. Lakini mu serveri iko amri moja, inabandika maneno chini ya kila barua, haiombi ruhusa kwa mutu. Mwenye aliandika haioni. Paka mwenye kupokea, yeye tu, ndio anaiona.

Nikauliza, na barua za ndani, za biro kwa biro, ofisi kwa ofisi? Ukasema hizo zinapita bure, amri ni ya zenye zinatoka tu. Nikauliza, na mutu akijibu, na ukajibu tena? Ukasema kama hawakuiweka vizuri, maneno inajipanga moja juu ya ingine kama sahani chafu. Nikauliza kama mutu mumoja anaweza kutuma yake bila ile maneno. Ukasimamisha mukono na tonge ya bugali, ukaniangalia. "Papa, hii mambo ya serveri ulijulia wapi?" Nikajibu mimi ni mutu wa akili nyingi, ni shule ndio ilikosa nafasi ya kuniweka. Ukacheka mpaka ukakohoa, alafu ukanijibu inawezekana, na inawezekana hata kumuonyesha mwenye kuandika kabla ya kutuma, lakini paka mwenye kushika serveri ndio anaweza. Mimi nikaenda kunawa mikono, na nilikuwa sijashiba.

Basi hii ndio nilijulia wapi.

Wakati kampuni ya barabara ilifika huku Kabambare, mimi nilikuwa nauza petroli mu chupa na krediti ya telefone, sawa na leo, lakini nilikuwa natoka Kasongo na kurudi vile ninataka. Walikuwa wanatafuta mutu wa kusimama katikati yao na watu wa kijiji. Wenye kuwa na diploma walijipanga na kravati. Mimi nilifika na pikipiki yenye ilikuwa inakohoa, nikasalimia mulinzi mu Kibangubangu, mupishi mu Kizimba, na mukubwa mu Kifaransa yangu ya soko, yenye iko na maneno makumi mawili lakini inakimbia sana. Akacheka. Akanipa kazi. Nimefanya mambo mingi mu maisha yangu kwa kuchekesha mutu kwanza, na hiyo ndio ilinileta hapa nimekaa juu ya bidoni.

Walinipa telefone kubwa na imeli yenye jina yangu mbele na jina ya kampuni nyuma. Weee Zaina, nililala nayo kama mutoto muchanga. Mimi mwenye niliachia shule mwaka ya tano ya primeri, jina yangu imeoa jina ya wazungu. Mukubwa alikuwa ananiambia neno kwa telefone, mimi naandika na kidole moja, natuma kwa Mwalimu Amuri kwenye kibanda yake ya kutoa fotokopi, yeye anatoa karatasi, mimi napanda pikipiki napeleka ku baraza ya kijiji. Ungeweza kuuliza, kwa nini usiseme tu na mudomo? Unajua watu wetu. Neno ya mukubwa wanaitaka ku karatasi. Na karatasi wanaitaka na kashe, ule muhuri wa wino, wa muviringo, wa kupigwa mezani na nguvu. Bila kashe wanakuangalia kama mutu mwenye amekuja kuomba chumvi.

Na kampuni haikutupa kashe. Kashe yao ilikuwa imefungiwa mu muji ya mbali. Niliiomba mara tatu, mukubwa akasema imeli haina haja na kashe.

Siku ya barua ya kwanza, watu waligeuza karatasi mbele na nyuma, wanatafuta. Ni Mama Feza ndio aliona. Wewe unamujua kama mama muzee wa kutuletea sombe, lakini wakati ule alikuwa mukubwa wa wamama wote wenye walikuwa wanalima ku kilima, na watu walikuwa wanamuogopa kuliko chefu wa kijiji. Hajui kusoma. Alichukua karatasi akaweka kidole chini kabisa, pale chini ya jina yangu, kwenye maneno madogo madogo, wino ya majivu, Kifaransa imejaa kama siafu.

"Na hii ni nini?"

Mimi sikuwa nimeandika ile. Mara ya kwanza naiona ni pale, mbele ya watu. Mudomo yangu, unaijua, haingojei kichwa. Nikasema, "Mama, hii ndio kashe yao. Ni kashe ya mashini."

Nilikuwa naamini, Zaina. Barua ya pili ikakuja na maneno ile ile, ya tatu ile ile, hakuna herufi imesogea. Kitu chenye hakibadiliki, chenye kinakaa chini, chenye hakuna mutu anaweza kukiandika mwenyewe, kwetu ni kashe. Hata wewe na diploma yako, niambie ni nini ingine.

Watu wakaizoea mpaka wakaipenda. Kuna kijana moja alikuja hapa na karatasi yake, eti kampuni inaandika wafanyakazi wapya, kila mutu alete kuku. Mama Feza akaomba kuiona. Akaweka kidole chini. Hakuna. Kijana alikimbia mpaka viatu vyake vikabaki, na kimoja nakitumia mpaka leo kuzuia mulango. Tangu siku ile, karatasi yenye iko na maneno ya chini, hapa kijijini, ilikuwa inaheshimiwa kuliko ya serikali. Na mimi wakaanza kuniita Papa Imeli. Wewe unafikiri ni jina ya muchezo. Ilikuwa jina ya heshima kwanza.

Ile sehemu hapo juu naisimuliaga kila siku, umeisikia, watu wanaipenda. Ya chini hujaisikia.

Asubuhi moja nilikuwa kwa Mwalimu Amuri, umeme imekatika, tunangoja mashini. Aliinua karatasi yangu moja akasoma maneno ya chini kwa Kifaransa, polepole, juu hakuwa na kazi ingine. Alafu akaniuliza kama najua ilikuwa inasema nini. Nikamuambia ni kashe. Akanifasiria. Ilisema: haya ni mawazo ya mwenye ameandika, yeye peke yake. Kampuni haifungwi na neno hata moja ya hii barua. Kama haikuwa yako, uifute.

Nilicheka. Ilikuwa ya kuchekesha kabisa, watu wanabusu karatasi yenye inawaambia usiniamini. Alafu nikaacha kucheka, na Mwalimu alikuwa bado ananiangalia juu ya miwani yake.

Nikapigia mukubwa telefone. Alisema nisijali, ile inajiweka yenyewe, ni mashini ya kule kwao, hata yeye akiandikia mupishi kuomba chumvi maneno inaenda na chumvi. Nikamuomba, mara moja tu, barua moja bila ile maneno, kwa ajili ya wamama wa kilima. Akasema hapa hakuna mutu anaweza kuitoa. Na alikuwa anasema ukweli, wewe mwenyewe umeniambia Jumanne, inatoka paka kwa mwenye kushika serveri. Ingekuwa wewe kule, ningekupigia wewe. Hiyo ndio nilikuwa nawaza wakati sombe ilikuwa inapoa.

Wiki ile ile, mukubwa akaniambia nini ya kuandika juu ya kilima. Walikuwa wanataka yale mawe madogo mekundu ya kumwaga ku njia, na mawe yako chini ya muhogo ya wamama. Akasema niandike hivi: wamama watavuna muhogo yao mpaka iishe, mashini ya kuchimba haitapanda kilima kabla ya hapo. Niliandika na kidole moja. Mwalimu alitoa karatasi, akanipa, hakusema kitu. Nilitamani aseme.

Ku baraza watu walijaa. Nilisoma ya juu. Wamama wakashangilia kidogo, alafu Mama Feza akanyoosha mukono kunyamazisha wote. Alisema kilima ni chakula ya nyumba sita, leo hatutaki tu kuiona kashe, leo tunataka kuisikia.

"Baba Zaina, utusomee na ya chini."

Zaina, pale nilikuwa na nafasi. Mulango ilikuwa wazi kama ya musikiti siku ya Ijumaa. Ningesema, Mama, hii maneno ya chini inakata yote ya juu, rudini mukavune leo, hata yenye haijakomaa. Wangenitukana, wangenicheka, Papa Imeli ingekufa, na muhogo ingepona.

Lakini watu walikuwa wamenyamaza kunisikiliza. Hakuna mutu alikuwa amenyamazaga juu yangu tangu nizaliwe, watu wananichekaga tu. Na nikajiambia mukubwa ni mutu muzuri, atafanya vile alisema, kwa nini niwatie watu woga bure. Nikasafisha koo. Nikaweka kidole chini ya maneno, nikaenda nayo polepole, herufi kwa herufi, kama mutu mwenye anasoma kweli. Nikasoma: sisi kampuni tumeahidi hii neno mbele ya Mungu na mbele ya serikali, na mwenye ataivunja aulizwe.

Walijibu amina. Waislamu na Wakristo pamoja.

Nimedanganya watu mu biashara, nimeuza petroli yenye imeona maji. Hizo nimeomba Mungu msamaha na nimezisahau. Ile amina ndio haitaki kutoka.

Mashini ilipanda kilima kabla mwezi haijaisha. Mama Feza hakuwa amevuna hata shina moja, alikuwa anangoja ikomae vizuri, juu alikuwa na ahadi. Wamama walikwenda na karatasi, na mimi nyuma yao, mpaka ku ofisi ya teritware, ya serikali, wameifunga mu plastiki, wakamuinulia avoka, wakili wa kampuni, mpaka ku pua. Hakukasirika. Aliisoma yote na heshima, alafu akashuka chini, akasoma na ile, kwa sauti, na mukalimani wa ofisi akaigeuza mu Kiswahili. Ile yenyewe, ya kweli. Mwenye ofisi akauliza, basi haya ni maneno ya nani? Avoka akaangalia jina. Watu wote wakaniangalia.

Nikasema mimi sijui Kifaransa ya herufi ndogo. Walinidanganya na mimi.

Mama Feza aliniuliza neno moja tu. Aliuliza, lakini wewe si ulitusomea? Nikajibu nilisoma vile mukubwa alinifundisha kusoma. Akatikisa kichwa, akasema pole, baba. Aliniambia pole, Zaina.

Kampuni ilimwaga mawe yake, ikaenda. Telefone walinyanganya, imeli wakaifunga, namba ya mukubwa inalia mu nyumba yenye haina mutu. Ku kilima imebaki shimo, na mu shimo maji, na mu maji vyura, wanaimba vizuri kabisa. Chefu na wazee wakakaa wakasema, jina yenye iko ku karatasi ni moja, na mushuhuda ni huyu. Basi huyu asivuke muto mpaka kampuni irudi ijibu. Hawakunifunga kamba. Walinipa hii nyumba, wakanionyesha mahali ya kulima na wamama kule mu majimaji, kufungua mashamba mapya. Ndio maana unaona mutu wa Kasongo, mutoto wa muji, anatoka asubuhi na jembe kama alizaliwa nayo.

Na kampuni haitarudi. Wote tunajua. Kwa hiyo nangoja mutu mwenye haji, ili niende.

Unajua daraja. Kila ukikuja kunitembelea tunaachana pale, mimi nasimama kwenye mbao ya mwisho, nanyoosha vidole vya miguu mpaka inje kabisa, nakuambia hii sehemu ya mwili yangu imeshafika Kasongo. Unacheka, motari wako mwenye pikipiki anacheka. Wewe ukishapinda kule mbele, mimi naendelea kusimama. Najua kila musumari ya ile daraja. Kuna mbao moja imeoza na sijaambia mutu, juu nawaza, ikivunjika nikiwa juu yake, nitakuwa nimevuka ao sijavuka?

Sasa nifike kwa kitu chenye ulinikasirikia.

Mama yangu alipokufa kule Kasongo, yeye mwenye alikulea wakati mama yako iko ku soko, sikukuja. Ulinitumia neno moja tu ku telefone, uliandika "Basi." Nilikuambia wazee walinikatalia. Hawakunikatalia. Wazee walikaa asubuhi ile ile, na mwenye aliomba kwa ajili yangu ni Mama Feza. Alikuja mpaka ku mulango na mukeka mupya kwa ajili ya maiti. Alisema, enda ukazike mama yako, siku tatu, hata saba, sisi tunajua wewe ulidanganywa sawa na sisi.

Nilikuwa tayari nimevaa viatu. Angesema tu enda, ningeenda. Lakini alisema sawa na sisi. Nikamuangalia, na mukeka yake, na mikono yake ya majimaji, na miguu ikakataa. Nikaogopa tena kitu kingine, kibaya zaidi. Nikaogopa nikiwa mbali, Mwalimu Amuri atasema. Nikikaa hapa karibu nitakuwa nimekalia ile siri kama nimekalia hii bidoni. Nikavua viatu. Nikamuambia hapana, Mama, nitaheshimu neno ya wazee. Wakanisifu kijiji kizima. Walisema mutu wa haki. Mama yangu akazikwa bila mutoto wake, na mimi nikasifiwa.

Na Mwalimu Amuri hajasema mpaka leo. Kila asubuhi napita mbele ya kibanda yake, na kila asubuhi ananisalimia, "Kashe, umeamkaje?" Watu wanafikiri ni utani wa marafiki. Mimi najibu nimeamka muzuri, mwalimu. Ile salamu moja inanitosha siku nzima.

Basi unaona, wazee walinifungia mulango moja. Ya pili nilijifungia mwenyewe, na ufunguo niko nao mu mudomo miaka yote.

Sitakuambia ukatae kazi. Ukikataa watatafuta mwingine, na wewe utarudi kuuza krediti na mimi, na huku wauzaji tumeshapita wanunuzi. Uweke ile maneno, mukubwa wako ameitaka na ni haki yake. Nilikaa na hasira na ile mashini muda murefu. Nilikuwa naiwaza usiku kama mutu, mutu mwembamba, amekaa njiani, kila barua inapita anaitemea mate chini. Lakini tangu Jumanne, tangu kifuniko yako ya sufuria, nimegeuza geuza hii mambo na nimeona kitu. Mashini haikudanganya mutu. Ku ile karatasi yote, ukweli ilikuwa paka ile ya chini. Mwenye aliisoma vingine ni mimi. Hata ungeiandika mu Kiswahili, na herufi kubwa kama ya duka, mbele ya watu wenye hawasomi ningeisoma vile nilitaka.

Ninachokuomba ni kidogo. Ulisema inawezekana amri iache barua zingine zipite. Ulisema pia inawezekana mwenye kuandika aoneshwe, kabla ya kutuma, kitu gani kitabandikwa chini ya jina yake. Umuonyeshe. Kule ndani ya biro yenu, kati ya wale wa kravati, kutakuwa na mutu moja mwenye anaandika na kidole moja, anachekesha watu, anapeleka karatasi kwa watu wa mbali. Mutafute yule. Mukae naye. Muulize, hii unajua inasema nini? Na akikujibu ndiyo, najua, haraka haraka, na kicheko, usimuamini. Muulize mara ya pili. Mimi ningeulizwa mara ya pili, pengine.

Sasa ya kesho. Motari wako anakuja saa moja asubuhi. Utanitafuta ku daraja, kwenye mbao ya mwisho. Sitakuwa pale.

Nitakuwa kwa Mama Feza. Baraza yake iko njiani, mutapita mbele yake. Ile karatasi anaichunga bado, mu plastiki ile ile. Leo asubuhi, Mwalimu Amuri aliponiambia Kashe, umeamkaje, sikumujibu nimeamka muzuri. Nilimuomba kesho aje na miwani yake. Alisema tu, nitakuja mapema. Atasoma yeye, juu na chini, na akifika chini nitawaambia ile nilisoma siku ile, na kwamba nilijua. Wazee watakuwepo, nimeita na wamama wa zile nyumba sita.

Sijui watanifanya nini. Nimejaribu kutafuta utani ndani yake na nimepata moja tu: pengine watanifukuza, wataniambia vuka ile muto na usirudi, na kifungo yangu iishe kwa kuongezwa kosa. Ungefikiri ningefurahi. Lakini nikiwaza Mama Feza ananiangalia nikipita ku daraja, afazali nibaki hapa na jembe mpaka mwisho. Ninaogopa, mwanangu. Ninakuandikia hivi na mukono inatoka jasho, ndio ile madoa unaiona.

Ukipita, usimuambie motari asimame. Mimi nakujua, utataka kushuka, utataka kusimama kando yangu na diploma yako. Usishuke. Ukishuka wataniona kama baba ya mutu, wataanza kunihurumia, na huruma yao nimeshaila nyingi. Pita tu. Inua mukono, hata kama sitainua wangu.

Hii barua nitakupa magaribi, alafu niende kukaa kwa Mwalimu mpaka uimalize, usiniulize kitu usoni. Nakupa leo makusudi. Ukishaisoma wewe, kesho asubuhi sina tena mahali ya kurudi nyuma.

Na unaona nimeandika mpaka ku ukingo, maneno imeanza kubanana huku mwisho kama watu mu kamioni ya soko. Karatasi haikuisha yenyewe, niliipima. Nilitaka jina yangu ifike chini kabisa, pale penye hakubaki nafasi hata ya sisimizi, ili kusiwe na mutu wala mashini ya kuniongezea neno. Hii yote ni mimi nimesema, na inanifunga.

Baba yako